Nilivyomfuata Lomoro kwa Baisikeli ya Lomoro

Wenzangu wa chama cha baisikeli, tangu nirudi Shinyanga sijagawa maziwa hata siku moja kwa amani. Nikifika mlango wa kwanza, naulizwa juu ya picha. Mlango wa pili, picha. Jana mama mmoja alinishikia dumu langu mpaka nimweleze. Picha yenyewe mmeshatumiana mpaka imechoka: mwanaume msiyemjua amevaa kofia ngumu ya chama chetu, anahutubia ukumbi mzima, na mimi nimesimama nyuma kabisa, jasho linanitiririka, kuku kila mkono. Sasa naandika mara moja tu. Someni kwa zamu, halafu mniache nifanye kazi.

Mnajua ilivyoanza. Bwana Tendo, yule wa mradi wa barabara za miji, alinisikia Mwanza nikifoka juu ya madereva wa malori. Akapenda, ingawa Kiswahili hakijui na alikuwa anatafsiriwa. Akanialika Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, kwenye mkutano wa kuamua njia ya baisikeli ya mji ule ichorwe vipi. Alitaka msemaji anayeendesha kweli, kwa hiyo sharti lilikuwa moja: kutoka Arua hadi Koboko nifike kwa baisikeli, na njiani niwaulize waendesha baisikeli wanataka nini. Ninyi mkanipa baisikeli nyekundu ya chama, ile yenye gia, tuliyoichangia wote. Mkaniaga kwa maneno mengi. Nililobaki nalo kichwani ni moja la katibu wetu: "Minza, irudi." Hakusema "urudi".

Kwa basi hadi Arua

Habari za pasi na mihuri naziruka, hakuna aliyewahi kufurahia kusoma foleni. Nianzie kwenye basi la kutoka Kampala. Baisikeli ilifungwa juu, chini ya magunia ya vitunguu na kochi la mtu. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Mama Zubeda, Mnubi wa Arua, mfanyabiashara wa vitenge, aliyenilisha karanga tangu asubuhi mpaka tukavuka Mto Nile pale Pakwach. Upepo ulikuwa unanipiga, nikamwambia utingo, "Samahani kaka, ningeomba unisaidie kufunga dirisha." Utingo akanitazama vizuri, akaenda zake.

"Wewe nasema nini kwake?" akauliza Mama Zubeda.

Nikarudia.

"Hapana. Huku 'ningeomba' hapana fanya kazi. Sema, 'Funga dirisha.' Kiswahili yako iko refu sana, dada. Mutu nachoka, wewe bado hapana fika."

Nilidhani ananitania. Nikajaribu. "Funga dirisha!" Utingo akafunga, akaniuliza kama nataka na lile lingine lifungwe.

Arua kochi lilishuka zima. Baisikeli yenu ilishuka usukani ukitazama nyuma.

Arua

Nilielekezwa kwa fundi Drani, mwenye banda la bati karibu na soko. Nikamweleza, kwa Kiswahili nilichodhani ni kifupi, kwamba hii ni baisikeli ya mkutano wa Koboko, aninyooshee usukani, ninarudi baadaye. Nikaacha pale kila kilichofungwa nyuma: kofia ngumu, mkoba wenye fomu za maswali, na kadi ya kuvaa shingoni iliyoandikwa MSEMAJI. Jina halikuandikwa, maana Bwana Tendo hakuwa na hakika jina langu linaandikwaje.

Nikaenda kula. Nilileta enyasa, yaani ugali wa muhogo na ulezi, na samaki mkavu aliyepikwa kwa simsim, ufuta wetu. Nasema "nilileta", si "niliagiza", kwa sababu nilipoagiza kwa adabu zetu mhudumu alipita mara tatu. Niliposema "Leta enyasa" ilifika ikifuka moshi.

Nikiwa nimeshiba nikaenda kukagua njia ya baisikeli, maana Arua wanayo tayari. Mradi fulani ulikuja, ukapaka mstari mweupe kando ya barabara, ukachora picha ya baisikeli kila baada ya hatua kadhaa, ukaondoka. Niliitembea yote. Kulikuwa na muhogo umeanikwa, viatu vya mitumba vimepangwa jozi kwa jozi, mananasi, boda boda zimeegeshwa, na mtu mmoja amelala, kichwa chake kimekaa sawasawa juu ya gurudumu la kuchorwa. Baisikeli hakuna hata moja. Zote zilikuwa katikati ya barabara pamoja na malori.

Nikamsimamisha mwanaume mwenye madumu manne ya maji. Nikamuuliza swali kama lilivyoandikwa kwenye fomu: "Ungependa kupata nini katika njia ya baisikeli?"

"Ungependa?" akauliza.

"Ndiyo, ungependa."

Akamwita mwenzake. Wakashauriana kwa Kilugbara, wakaita na wa tatu. Mwishowe yule wa kwanza akanijibu kwa huruma, kama anayempa mtu habari ya msiba: "Mama, sisi hapana jua Ungependa. Labda yeye iko kwa mradi ingine. Hapa hapana fika."

Nikakumbuka somo la basi. "Wewe nataka nini hapa, kwa njia ya baisikeli?"

"Aa! Hapo mimi hapana taka kitu. Hapo iko hatari. Boda boda yote napita hapo, sababu baisikeli hapana."

Muuza viatu alikuwa anasikiliza. Akanyoosha kidole. "Mama, andika na mimi. Sisi tunapenda njia ya baisikeli sana. Walete ingine upande ile." Nikaandika kiganjani, kwa kuwa fomu zilikuwa kwa fundi.

Niliporudi bandani, mahali ilipokuwa baisikeli nyekundu palikuwa na baisikeli nyeusi, ya zamani, nzito, yenye keria pana iliyochomelewa kwa nondo. Nikamuuliza Drani yangu iko wapi.

"Ile nyekundu? Imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Koboko."

Nikakaa juu ya tairi. Drani akanieleza taratibu, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Kuna mtu wa upande wa Koboko anaitwa Lomoro, mbeba mizigo wa barabara nzima hii. Aliacha baisikeli yake nyeusi itengenezwe ekseli. Leo kaja kuichukua.

"Yeye nauliza, 'Baisikeli yangu iko tayari?' Mimi nauliza, 'Wewe iko mutu ya mkutano ya Koboko?' Yeye nafikiri kidogo. Nasema, 'Labda.'"

"Labda!"

"Mama, sikia. Lomoro naandika jina yake kwa mradi tangu zamani. Mradi ya mbuzi, jina. Mradi ya baisikeli, jina. Kila orodha. Hapana pata kitu. Leo mimi naonyesha yeye nyekundu, na kofia, na kadi. Yeye nasoma kadi. Nasema, 'Kumbe orodha imefanya kazi.' Analia kidogo. Mimi pia." Akajifuta macho kweli.

"Drani, ile ni yangu!"

Akaelewa, akashika kichwa. Kisha akaitazama ile nyeusi, uso ukapona. "Lakini hii imebaki," akasema. "Ekseli mpya."

Simu ya Lomoro, nikaambiwa, hukaa kwa mke wake, kwa sababu barabarani huanguka. Nikamwandikia Bwana Tendo ujumbe: "Baisikeli imechukuliwa na mtu. Nifanye nini?" Akajibu hapo hapo kwa maneno mawili ya Kiswahili aliyokuwa nayo: "Vizuri sana!"

Arua hadi Ombaci

Kesho yake asubuhi niliondoka kwa ile nyeusi. Wenzangu, mimi nimeendesha baisikeli na maziwa miaka mingi, lakini ile si baisikeli, ni ng'ombe wa chuma. Gia hakuna, kengele hakuna, na breki ya mbele ni kipande cha kandambili. Ikishika kasi haina haja na maoni yako.

Sikufika mbali nikagundua kwamba watu wanaisalimu. Walikuwa wanatoka vijijini mwa Ayivu na magunia yao ya maharage, wananyoosha mkono kwa furaha, "Lomoro!", kisha wanainua macho wananikuta mimi. Wengine walishusha mkono. Wengi waliacha tu uendelee kupunga.

Ombaci, mbele kidogo ya misheni, mama mmoja alisimama katikati ya njia akashika usukani kwa mikono yote miwili. Jina lake Driciru.

"Hii baisikeli ya Lomoro. Lomoro iko wapi?"

"Iko mbele. Ana baisikeli yangu."

"Na wewe iko na yake."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Basi leo wewe iko Lomoro." Akaingia ndani, akatoka na gunia la muhogo mkavu la dada yake aliyeko Koboko. Nikasema, "Samahani mama, mimi kwa kweli nisingependelea..." Akasubiri kwa heshima sentensi iishe. Ilipochelewa, akafunga gunia kwa mpira wa tairi.

Nikaona angalau nimuulize swali langu. Yeye haendeshi, lakini alikuwa na jibu tayari kama aliyelala nalo. "Mimi nataka Lomoro hapana anguka na muhogo yangu. Lami iko juu, mchanga iko chini, hivi." Akaonyesha kimo cha goti. "Lori nakuja, Lomoro naruka chini. Muhogo naruka na Lomoro. Mwezi ile ingine nakula muhogo na mawe." Hilo nililiandika vizuri, kwenye daftari nililonunua Arua, na nusu saa baadaye nililielewa kwa mwili.

Ombaci hadi Maracha

Malori ya barabara ile huenda mpakani Oraba na kurudi, na hayana muda. Likija la mbele na la nyuma pamoja, mwenye baisikeli hana lake hapo juu. Niliruka kutoka kwenye lami mara tano. Mara ya tatu sikuruka, nilirukishwa, na nikajikuta nimekaa kwenye shamba la mtama, gunia limenikalia miguuni, dereva ananipigia honi ya pole.

Kabla ya Maracha mvua ilinikamata. Nikakimbilia baraza la nyumba ya mfugaji mmoja, Candia, ambapo waendesha baisikeli sita walikuwa wamejibanza. Nikafurahi, nikatoa daftari. Hapo nikaharibu. Walipoona kalamu, wa kwanza alisema breki yake ni nzima. Wa pili alisema baisikeli si yake. Wa tatu alitoka akasimama kwenye mvua.

Candia akawatuliza. "Mama hapana uliza wewe nafanya nini. Yeye nauliza wewe nataka nini."

Nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza. Kisha yakafunguka yote kwa mara moja: kivuli cha miti, bomba la maji mahali pa mlima, njia isiyo na ukingo mrefu wa saruji, maana mwenye magunia mawili akigusa ukingo amekwisha, mahali pa kuegesha sokoni ambapo baisikeli haitakatwa mnyororo. Mmoja akataka mke. "Andika," akasema, na mimi nikaandika, maana sikupewa ruhusa ya kuchagua. Yule aliyekuwa kwenye mvua akarudi, akasema lililowapendeza wote.

"Mimi nataka mteremko. Kwenda, mteremko. Kurudi, mteremko."

"Pande zote mbili haiwezekani," nikamwambia.

"Wewe nauliza mimi nataka nini," akasema. Wenzake wakaunga mkono. Nikaandika.

Nilimuuliza Candia kama amemwona mtu mwenye baisikeli nyekundu. Amemwona! Lomoro alipita jana, kofia kichwani, kadi shingoni, akaomba ruhusa ya kufanya mazoezi. "Yeye nasimama pale, nahutubia ng'ombe yangu. Muda mrefu. Juu ya barabara. Mimi nasikiliza pia. Nasema vizuri kuliko padre."

Mke wa Candia alinipa kunde na kitanda. Asubuhi, nilipokuwa nimeshaaga, Candia akaning'inizia kuku wawili kwenye usukani. Ni wa mkwe wake wa Koboko. Lomoro aliahidi kuwachukua akirudi na baisikeli yake. "Na baisikeli yake iko hapa," akasema, na hoja hiyo sikuweza kuivunja.

Maracha hadi Koboko

Mkutano ulikuwa siku hiyo, saa nne. Nilikuwa nakwenda vizuri kabisa, nimeshazoea ng'ombe wa chuma, mpaka nikafika kituo cha biashara kilomita chache kabla ya Koboko. Seremala alikimbia nyuma yangu akipiga kelele. Sikutaka kusimama, lakini breki ya kandambili iliamua kushika siku hiyo.

"Mlango!" akasema akihema. "Mlango ya Lomoro iko tayari!"

Ulikuwa mlango wa mbao, mzito, na bawaba zake. Ukumbi mmoja wa Koboko uliuagiza kwa ajili ya choo, na Lomoro ndiye wa kuubeba. Nikasema hapana. Nikasema hapana kwa ufupi wote niliofundishwa. Seremala akasema wageni wanakuja leo ukumbini, mkutano mkubwa, na choo hakina mlango.

Nikamuuliza mkutano gani.

"Ya baisikeli," akasema.

Ukiwa msemaji wa mkutano na choo cha mkutano hakina mlango, utafanyaje? Tuliulaza juu ya gunia, umekingama, kuku wakaning'inia chini yake kwenye kivuli. Kuendesha haikuwezekana tena. Nilisukuma. Malori yalinipigia honi, lakini jambo moja nililiona: kwa upana ule yalinikwepa yenyewe, na sikuruka tena hata mara moja.

Pale mji unapoanza, mama mmoja muuza chai alinitazama nikija tangu mbali. Akanisogezea kigoda.

"Mama iko ya wapi?"

"Tanzania."

Akaacha kukoroga chai. Watu wawili waliokuwa wanakunywa wakashusha vikombe. "Watanzania walikuja hapa mimi iko msichana," akasema. "Walikuja na mguu, na bunduki. Baba yangu iko askari. Sisi nakimbia mpaka Sudan."

Baba yangu mdogo alikuwa kwenye vita ile ya Amin. Kwetu alirudi na wimbo tu, hakutusimulia mengine. Yule mama akaitazama baisikeli: gunia, kuku, mlango na bawaba zake.

"Wewe nakuja na mlango," akasema mwishowe. "Hii iko afadhali." Akanimiminia chai, akaongeza sukari bila kuniuliza.

Koboko

Nilifika ukumbini nimechelewa. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mlinzi, akapiga vigelegele. "Mlango imefika!" Nikamwambia mimi ndiye msemaji. Akasema ndiyo ndiyo, akakimbia kutafuta nyundo.

Ndani, Lomoro alikuwa anahutubia. Ni mtu wa miaka kama arobaini, mwembamba, vigimbi vya miguu kama mawe. Kofia yetu kichwani, kadi kifuani. Bwana Tendo alikuwa amekaa karibu naye akitabasamu, mkalimani akimnong'oneza. Baadaye nilielewa yalivyokuwa. Bwana Tendo alikuwa amemtambulisha kama mgeni wetu kutoka Tanzania, na kwa kuwa kwake Kiswahili chote ni kimoja, na uso wangu wa Mwanza alikwisha kuusahau, hata kwamba ni wa mwanamke, hakuona tatizo. Watu wa Koboko, wanaomjua Lomoro tangu ananyonya, walidhani Tanzania ni jina la mradi.

Ukutani kulikuwa na mchoro: barabara, mitaro, na njia ya baisikeli ya mita moja, na baisikeli moja nzuri imechorwa ndani yake.

"Mimi nauliza," Lomoro alikuwa anasema, "ile baisikeli kwa karatasi, nyuma yake iko nini? Hakuna kitu. Hiyo baisikeli ya mutu hapana na kazi. Mutu ile nakwenda wapi? Nakwenda kutembea. Sisi hapana tembea. Sisi nabeba."

Watu wakapiga meza. Mhandisi, binti mmoja mtulivu aliyeshika rula, akasema mita moja ndicho kipimo kinachotumika kwa baisikeli.

"Leta baisikeli hapa ndani," Lomoro akasema. "Leta ya kweli. Tupime."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alisikia "leta", na huko neno hilo hufanya kazi. Kabla sijasema lolote alinipokea usukani akasukuma. Baisikeli ikaingia mpaka keria, ikakwama. Mlango haukupita mlangoni. Mlinzi akasukuma tena, bawaba zikakwaruza ukuta, kuku wakapiga kelele, ukumbi mzima ukageuka. Ndipo nikawafungua wale kuku kabla hawajabanwa, nikapita chini ya mlango nikaingia nao, mmoja kila mkono, na ndipo mtu akapiga picha.

Lomoro akaacha kuhutubia. "Baisikeli yangu ile," akasema polepole.

Mhandisi alikuja na futi yake, akapima kutoka ncha ya mlango hadi ncha ya pili. Mita mbili. Ofisa mmoja akalalamika kwamba hakuna mtu abebaye mlango kila siku. Lomoro hakupandisha sauti. "Leo mlango," akasema. "Kesho godoro. Kesho kutwa mama mjamzito, na miguu yake iko upande, hapana kunja. Huyu pia napita wapi?"

Hakuna aliyepiga meza. Mhandisi alikwenda ukutani, akakata ile mita moja kwa kalamu nyekundu.

Nilipewa nafasi ya kusema, kama mtu aliyeleta mlango. Nikasoma daftari langu lote: ukingo wa lami wa Driciru, kivuli, maji, wenye viatu watengewe mahali pao kabla hawajatengewa njia yetu. Nikasoma na mteremko. "Pande zote mbili?" mhandisi akauliza. Nikasema ndivyo walivyosema. Akaandika.

Wiki iliyopita Lomoro alinipigia kwa simu ya mkewe. Wameanza na kipande cha sokoni. Ni kipana, mikono miwili imenyooshwa na kidogo zaidi, na ukingo umelazwa. Mtu wa viatu wa huko naye alishafika. Ameonyeshwa sehemu yake, amekasirika, amekaa. Katika kumbukumbu za mkutano nimeandikwa "mama wa mlango", na Lomoro ni Bwana Minza wa Shinyanga.

Lakini siku ile kulikuwa na jambo ambalo picha haionyeshi. Baada ya mkutano nilimkuta Lomoro nje, anaipangusa baisikeli nyekundu kwa shati lake. Nilifikiria kuondoka kimya. Kisha nikasikia sauti ya katibu wetu, "irudi," nikamweleza. Nilitumia Kiswahili kifupi, na kwa mara ya kwanza niliuchukia ufupi huo, maana hauna mahali pa kujificha.

Akasikiliza yote. Akavua kadi. "Kumbe orodha bado," akasema.

"Bado, kaka. Pole."

"Gia yake iko ishirini na moja, mama. Mimi natumia moja tu. Zingine naogopa kuharibu." Akanikabidhi usukani kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mwenzake mtoto aliyesinzia. Kadi nilimvisha tena mwenyewe. Kofia ngumu nimemwachia. Mkitaka kunikata kwenye chama, nikateni.

Koboko hadi Oraba

Muhogo ulimfikia dada yake Driciru, kuku wakafika kwa mkwe. Lomoro akasema siwezi kufika Koboko bila kula kwake, na kwake ni kandokando ya barabara ya Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Tukaondoka mchana, yeye kwa nyeusi, mimi kwa nyekundu. Niliachwa nyuma milima yote.

Karibu na Oraba malori yalikuwa yamepanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Kaya. Wabadilisha fedha walitukimbilia na mabunda yao, mawakala wa forodha wakaniuliza nimebeba nini, nikasema sijabeba kitu, na baada ya siku mbili maneno hayo yalinishangaza mwenyewe. Tulipita katikati ya malori na mtaro, njia ya upana wa bega. Tulipotoka Lomoro akasema, bila kugeuka, "Hapa Wani alilala. Ndugu yangu. Yeye iko na baisikeli, lori narudi nyuma, yeye hapana amka."

Nyumba yake ilikuwa hapo mbele. Mkewe, Kiden, alitoka kabla hatujashuka. Hakusalimu. Alimwendea Lomoro akamshika kiwiko cha kulia, kisha cha kushoto, akavikunja na kuvinyoosha. Akainama, akapapasa magoti, akamgeuza, akatazama kisogo. Lomoro alisimama mikono ikining'inia, kama mtu aliyezoea.

Kisha akanijia mimi. Nikafungua mdomo nijitambulishe, lakini alikwisha kunishika kiwiko. Alinikagua hivyo hivyo, viwiko, magoti, kisogo, bila haraka, na alipofika kwenye mchubuko nilioupata kwenye mtama akaufuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Iko yote," akamwambia Lomoro. Ndipo akanitazama usoni na kunipa mkono. "Karibu, mama. Habari ya safari?"